Kituo cha hali ya hewa cha watoto: kupima, kuchora na kuupima utabiri

Mtoto haanzi kuuelewa utabiri kwa kutazama picha ya jua na wingu kwenye runinga. Anauelewa siku anapoandika jioni kwamba kesho itanyesha, halafu kesho yake anakwenda kwenye kipima mvua na kukuta milimita 12, au patupu. Mwongozo huu wote unaelekea huko: kwanza kipimo cha kuaminika, pili utabiri ulioandikwa kabla ya tukio, tatu kulinganisha bila kuoneana haya. Kuchora kunafuata namba.

Umeandikwa kwa mwalimu, mzazi au mlezi wa klabu ya shule ya msingi mwenye watoto wa miaka 8 hadi 13, popote Tanzania. Walioko Mombasa au Kisumu watabadilisha jina la mamlaka ya hali ya hewa na yale yanayohusu majira, mengine yanabaki vilevile. Kipimajoto cha dijitali ndicho kifaa pekee cha kununua kwa makusudi. Vingine vinapatikana jikoni, duka la dawa na duka la vifaa vya ujenzi.

Mahali

Tafuta uwazi wenye majani mafupi. Kipima mvua kikae mbali na kila jengo, ukuta au mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wake: darasa la mita 4 linataka mita 8, mwembe wa mita 10 unataka mita 20. Ukisogea karibu zaidi, upepo wa kusi ukileta mvua ya kulalia, ukuta utaikinga na utapata nusu ya iliyonyesha. Chini ya mti ni vibaya kuwili, kwa sababu matawi huzuia mvua mwanzoni na kuidondosha baadaye.

Epuka sakafu ya saruji, maana matone hudunda na kuingia ndani. Epuka pia uwanja wa mpira na njia ya mbuzi. Kama shule haina uwazi wa kutosha, pima hapohapo palipo bora kuliko pengine, lakini chora ramani ndogo ya kiwanja kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, uonyeshe kila kizuizi, umbali wake na urefu wake. Atakayesoma takwimu mwakani atajua kwa nini zinapungukiwa.

Kipima mvua

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Kipima mvua kilichotengenezwa vizuri kwa chupa hutoa namba zinazokaribia sana za kile cha kiwandani, na kilichotengenezwa ovyo hutoa namba za kubuni.

Unahitaji chupa ya maji ya lita 1.5, bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, rula, msasa, selotepu na kopo kubwa lenye mchanga. Mtu mzima akate chupa kidogo chini ya mabega, pale ubavu unaponyooka, kiasi cha sentimita 10 kutoka mdomoni. Ondoa kizibo, pindua kile kipande cha juu na ukipachike ndani ya kile cha chini kama faneli. Lainisha kingo kwa msasa, kisha zilinganishe ziwe usawa mmoja na uzizungushie selotepu kwa nje, pasibaki mwanya. Faneli ina kazi ya kuzuia maji yasikauke kwa jua kabla ya kupimwa.

Sasa hesabu, ambayo miongozo mingi huiruka. Wengi hubandika rula ubavuni mwa chupa na kusoma kimo cha maji. Usifanye hivyo. Kitako cha chupa kina mabonde, ubavu una mikunjo, na kimo hicho si milimita za mvua. Pima ujazo badala yake. Pima kipenyo cha mdomo unaopokea mvua, mara mbili kwa njia ya msalaba, na uchukue wastani. Tuseme umepata sentimita 8.6. Nusu yake ni 4.3. Zidisha 4.3 kwa 4.3, kisha kwa 3.14: eneo ni sentimita za mraba 58. Kanuni ni hii: milimita za mvua ni mililita za maji mara 10, gawanya kwa eneo. Kwa chupa hii, mililita 5.8 ni milimita moja ya mvua, na bomba la sindano lililojaa ni milimita 3.4.

Watoto wadogo wasisumbuliwe na kugawanya. Waandalie jedwali kwenye karatasi ngumu: mililita 5.8 ni mm 1, 11.6 ni mm 2, 29 ni mm 5, 58 ni mm 10, 290 ni mm 50. Ukipata faneli ya duka yenye mdomo wa sentimita 11.3, ichukue bila kufikiri mara mbili, kwa kuwa eneo lake ni sentimita za mraba 100 na kila mililita 10 ni milimita moja.

Chimbia chupa kwenye kopo la mchanga, mdomo uwe sentimita 30 kutoka ardhini na umelala sawasawa. Kagua ulalo kwa kuweka rula juu ya mdomo na kutazama kwa macho kutoka pande mbili.

Soma kila siku saa 3:00 asubuhi. Saa hii ndiyo saa 06 ya kimataifa, na vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hupima mvua ya saa 24 wakati huo, hivyo namba zako zitalinganishika na zao. Mimina maji kwenye kikombe, yavute kwa bomba, jumlisha, andika, kisha rudisha chupa ikiwa tupu.

Daftarini kuna mambo matatu ambayo watoto huyachanganya, nayo yana maana tofauti kabisa. Sifuri maana yake tulipima, hakuna mvua. Kistari maana yake hatukupima. Herufi M, ya manyunyu, maana yake kulikuwa na matone lakini hayakutosha kupimika. Siku nafasi moja ya kistari itakapojazwa sifuri ili daftari lipendeze, wastani wa mwezi mzima umeharibika.

Jumatatu kipima kitakuwa na maji ya tangu Ijumaa. Andika jumla moja na uifungie mabano yanayogusa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Usigawanye kwa tatu, kwa sababu mvua haikugawanyika hivyo.

Mambo yanayoharibika ni mengi lakini yanajulikana. Jani huziba shingo ya faneli. Mbu hutaga wakikuta maji yamesahaulika. Jua hukausha plastiki hadi ikapasuka, kwa hiyo andaa chupa mpya kila muhula na upime kipenyo upya, usidhani ni kilekile. Na katika shule yoyote yenye watoto, kuna siku mmoja atamwaga maji humo kwa mchezo. Dawa yake ni kuweka vipima viwili, mita 5 au zaidi mbali kwa mbali. Vikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 kwenye mvua ya kutosha, tafuta sababu kabla ya kuandika.

Ili milimita isibaki namba tupu, wape zoezi la paa. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Paa la mita 6 kwa 8 lina mita za mraba 48, hivyo mvua ya milimita 10 inaleta lita 480, yaani madumu 24 ya lita 20. Mtoto anayechota maji kisimani hasahau hesabu hiyo.

Kipimajoto na kivuli chake

Joto la hewa hupimwa kivulini, penye upepo, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinapima ukuta, na kilichowekwa chini ya bati kinapima bati. Kile cha homa hakifai hata kidogo, kimetengenezwa kwa joto la mwili tu. Cha zebaki usikilete karibu na watoto. Nunua cha dijitali chenye waya wa kihisio na kumbukumbu ya kiwango cha juu na cha chini.

Kabla ya kukifunga, kikague. Ponda barafu, ijaze kikombe, ongeza maji kidogo yafikie kiasi cha barafu, koroga, tumbukiza kihisio kisichopenyeza maji na subiri dakika tano. Kinapaswa kusoma nyuzi 0. Kikisoma 1, toa 1 kwenye kila kipimo cha baadaye na uandike jambo hilo ndani ya jalada. Kikipotoka zaidi ya nyuzi 2, kirudishe dukani.

Kivuli chake kinatengenezwa kwa sahani nane za plastiki nyeupe zenye upana wa sentimita 20 hivi. Zote zitazame chini. Ya juu kabisa iache nzima, hiyo ndiyo paa. Sita zinazofuata zitoboe tundu la sentimita 8 katikati. Ya chini itoboe matundu madogo tu ya kutolea maji. Kwenye ukingo wa kila sahani toboa matundu matatu yenye nafasi sawa, pitisha waya wa kufungia nondo, na kati ya sahani na sahani pachika kipande cha sentimita 2 cha ganda la kalamu ya wino ili hewa ipite. Ning'iniza kihisio katikati kisiguse plastiki popote. Funga rundo zima kwenye mkono wa mbao ulio mita 1.5 juu, na kile kioo cha kusomea kiweke ndani ya kopo lenye mfuniko chini yake.

Kosa linalojirudia kila mahali ni la tarehe. Ukisoma saa 3 asubuhi, kiwango cha chini ni cha alfajiri ya leo, lakini kiwango cha juu ni cha mchana wa jana. Kiandike kwenye mstari wa jana. Kisha futa kumbukumbu ya kifaa, la sivyo kesho kitakuonyesha joto la wiki iliyopita.

Upepo na mawingu

Mshale wa upepo ni rahisi: kata mshale wa sentimita 40 kwenye mfuniko wa ndoo, mkia uwe mpana mara tatu au nne ya kichwa, tafuta mahali unapojisawazisha juu ya kidole, toboa hapo na uupitishe kwenye msumari wenye shanga chini na juu. Mkia ukiwa mdogo mshale utazunguka ovyo. Kichwa kinaelekea upepo unakotoka, na upepo huitwa kwa huko unakotoka. Kusi ikivuma, mshale utatazama kusini. Watoto hugeuza jambo hili, basi waimbishe mpaka likae.

Kujua kaskazini usitegemee dira ya simu karibu na bati au nondo. Simamisha fimbo ya nusu mita wima, uhakikishe kwa uzi wenye jiwe. Saa 4 asubuhi weka alama kwenye ncha ya kivuli, chora duara kwa kamba kuizunguka fimbo likipita kwenye alama hiyo. Alasiri, kivuli kikirudi kugusa duara, weka alama ya pili. Mstari unaounganisha alama hizo mbili ni mashariki na magharibi halisi. Dar es Salaam alama ya pili hupatikana kati ya saa 8:10 na saa 9:15 kutegemea mwezi. Kigoma itachelewa kwa zaidi ya saa nzima, kwa kuwa iko mbali magharibi ingawa saa za ukutani ni zilezile.

Nguvu ya upepo ipimeni kwa macho, kwa kipimo cha Beaufort. Moshi ukipanda wima ni 0. Majani yakichakarika na uso ukahisi upepo ni 2. Bendera ikinyooka ni 3. Vumbi na karatasi zikiinuka ni 4, yaani kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Miti midogo ikiyumba ni 5. Matawi makubwa yakitikisika na mwavuli ukawa mgumu kushika ni 6, kilomita 39 hadi 49 kwa saa. Hiyo namba 6 wakariri, kwa sababu tahadhari za upepo mkali pwani hutaja kilomita 40 kwa saa, na mtoto atajua maneno hayo yanaonekanaje kwenye mnazi.

Mawingu hupimwa kwa sehemu nane za anga: 0 ni anga lisilo na wingu hata moja, 8 ni kufunikwa kote. Gawanya anga kwa macho katika robo nne, kadiria kila robo, jumlisha. Wasilitazame jua.

Utaona vitabu vingi vya watoto vikifundisha kipima shinikizo cha hewa cha kopo na puto. Kiacheni. Kwenye ukanda wetu wa tropiki shinikizo hupanda na kushuka lenyewe mara mbili kwa siku, likiwa juu karibu na saa 4 na chini karibu na saa 10, mchana na usiku, kwa hektopaskali (kizio cha shinikizo) 2 hadi 4, mvua ije isije. Isitoshe, hewa iliyofungwa koponi ikipata joto la nyuzi moja tu, puto litasogea kana kwamba shinikizo limebadilika kwa zaidi ya hektopaskali 3. Watoto watakuwa wanapima joto la darasa.

Kuusoma utabiri

TMA hutoa utabiri wa saa 24, angalizo na tahadhari za siku tano, na mwelekeo wa msimu. Kila mmoja una lugha yake.

Utabiri wa siku hutaja eneo kwa upana: mvua na ngurumo katika "maeneo machache" ya mkoa. Maana yake baadhi ya vijiji vitaloa na vingi vitabaki vikavu, na utabiri utakuwa sahihi kwa wote wawili. Mfundishe mtoto kusoma neno hilo kabla ya kutazama picha ya wingu.

Rangi za tahadhari ni njano kwa angalizo, rangi ya chungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa. Mvua kubwa maana yake ni zaidi ya milimita 50 kwa saa 24, yaani mililita 290 kwenye ile chupa yetu ya mfano. Mwonyeshe mtoto maji hayo kwenye jagi.

Mwelekeo wa msimu husema juu ya wastani, wastani au chini ya wastani. Wastani huo huchukuliwa kwa miaka 30, na kipindi rasmi cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani sasa ni 1991 hadi 2020. Angalieni pia mkoa wenu una misimu mingapi. Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Mwanza na Zanzibar zina vuli (Oktoba hadi Desemba) na masika (Machi hadi Mei). Dodoma, Mbeya, Ruvuma na Mtwara zina msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Bango la masika lililochorwa kwa ajili ya Tanga halina maana ukutani Songea.

Programu za simu huchukua namba moja kwa moja kutoka kwenye mifumo ya kompyuta, hasa wa Marekani (GFS) na wa Ulaya (ECMWF). Mifumo hiyo hukata dunia katika vipande vya kilomita kadhaa, na wingu la ngurumo linaweza kuwa dogo kuliko kipande kimoja. Ndiyo maana programu inaweza kuonyesha mvua ya saa 9 kamili wilayani kwako, ikanyesha kwa jirani saa 11. Chukulia siku, achana na saa. Kwa dhoruba za usiku juu ya Ziwa Victoria, picha za setilaiti za Meteosat zitakusaidia zaidi. Hupatikana bure, na kwenye zile za infraredi, zinazoonyesha joto badala ya mwanga, weupe mkali ni vilele vya mawingu vyenye baridi kali.

Ramani hizo huandikwa kwa saa za kimataifa, UTC. Njia ya mkato kwa anayehesabu saa za Kiswahili: toa 3. Saa 12 UTC ni saa 9 alasiri, saa 06 ni saa 3 asubuhi. Ikivuka 12, toa 12 tena: saa 18 ni saa 3 usiku. Saa 00 ihesabu kama 24, nayo ni saa 9 usiku.

Kuhusu asilimia: mvua kwa asilimia 30 haimaanishi itanyesha kidogo, wala kwa theluthi ya siku. Weka maharage kumi koponi, matatu meusi na saba meupe. Mtoto achote moja bila kutazama. Jeusi ni mvua. Arudishe, achote tena, mara ishirini, akihesabu. Mvua zitakuja, na hakuna atakayesema kopo limedanganya.

Kuupima utabiri

Kila siku ya shule, kabla ya kutoka, kila kikundi kiandike utabiri wa saa 24 zinazoanza kesho saa 3 asubuhi: itanyesha milimita 1 au zaidi, ndiyo au hapana. Kwenye safu ya pili andika utabiri wa TMA, ya tatu wa programu moja ya simu, daima hiyohiyo. Safu ya nne ni ya "kesho kama leo": ikiwa leo imenyesha, jibu ni ndiyo. Safu hii haina akili yoyote, ndiyo maana ni muhimu. Utabiri usioishinda haujaongeza kitu. Andika kwa kalamu ya wino, na karatasi ibandikwe ukutani kabla ya watu kwenda nyumbani.

Mwisho wa mwezi gawa siku katika makundi manne. Chukua mfano wa siku 30: tulisema mvua ikanyesha, 8, tulisema mvua haikunyesha, 4, tulisema hapana ikanyesha, 3, tulisema hapana na haikunyesha, 15. Siku sahihi ni 23 kati ya 30, asilimia 77. Inapendeza, lakini inadanganya. Mtoto wa Dodoma akiandika "hapana" kila siku ya Julai anaweza kupata asilimia 100 bila kutazama angani hata mara moja.

Kwa hiyo tupa zile siku 15 kavu na uhesabu hivi: 8 gawanya kwa 8 jumlisha 4 jumlisha 3. Ni 8 kwa 15, asilimia 53. Hiyo ndiyo alama ya kushindania. Kisha zungumzeni makosa ya aina mbili yana gharama gani. Aliyeanika mpunga au dagaa anaumizwa na zile 3. Aliyefunga duka mapema bure anaumizwa na zile 4. Vikundi vitabishana, na mabishano hayo yana thamani kuliko alama yenyewe.

Uwe mwadilifu kwa TMA: utabiri wao ni wa mkoa, kipima chenu ni cha nukta moja. Shule tatu au nne za kata moja zikipima pamoja, ulinganisho unakuwa wa haki zaidi.

Kuchora

Mvua ichorwe kwa nguzo, joto kwa mstari. Mvua ya jana haiungani na ya leo, ilikatika, kwa hiyo mstari kati yake unaeleza kitu ambacho hakikutokea. Mhimili wa mvua uanze sifuri daima. Wa joto usianze sifuri kwetu, kwa sababu nyuzi 22 na 33 zitaonekana karibu sawa. Uanze 15 au 20, au chini zaidi penye baridi. Siku ya kistari iachwe wazi na alama ya kuuliza.

Tumia karatasi ya miraba, mraba mmoja wa nusu sentimita kwa milimita 2. Ikinyesha milimita 90, huenda watoto wakalazimika kubandika karatasi juu ya karatasi, na picha hiyo ya nguzo inayopanda ukuta hufundisha vizuri.

Ukitengeneza picha ya utabiri ya kusambaza kwenye kundi la wazazi, iwe na mambo matano: mahali, tarehe na saa utabiri ulipotolewa, muda unaohusika, chanzo, na maneno mafupi. Picha isiyo na tarehe itazunguka tena baada ya miezi sita na kuzua taharuki. Tarehe iandike ndani ya picha yenyewe, maana maelezo ya chini hupotea ikisambazwa. Ukubwa wa pikseli 1080 kwa 1080 unatosha, herufi nyeusi kwenye weupe zinasomeka juani, na aikoni zisizidi nne. Rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu ziachie tahadhari rasmi. Joto lisichorwe kwa nyekundu kwa sababu tu ni joto.

Picha ya kimbunga inataka uangalifu wa pekee. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, ramani zilionyesha njia iliyopanuka mbele mithili ya pia, yaani umbo la koni. Upana ule ni wa kutojua kitovu kitapita wapi. Si ukubwa wa kimbunga, na aliye nje ya umbo hilo hajasalimika na mvua wala mawimbi. Liandike hilo juu ya ramani kwa maneno.

Kutoa tahadhari kwa umma ni kazi ya TMA, waliyopewa kwa sheria. Klabu isambaze tahadhari zao zilivyo, bila kuongeza chumvi, na kabla ya kuanza kutangaza takwimu zenu nje ya shule ulizeni ofisi yao iliyo karibu.

Jaribio la wingu, na usalama wa radi

Kwa siku ambayo hakuna mvua: chukua chupa ya lita 1.5 isiyo na nyufa, tia kijiko kimoja cha maji ya uvuguvugu, tikisa. Mtu mzima awashe kiberiti, akizime na kudondosha ndani njiti inayofuka. Funga haraka, kamua kwa nguvu kwa sekunde tano, achia ghafla. Ukungu utatokea, ukikamua utatoweka. Hewa ikitanuka hupoa, na mvuke hupata vumbi la moshi la kung'ang'ania. Rudia bila moshi, na karibu hakuna kitakachoonekana. Ukitumia maji ya moto kupita kiasi kuta zitaota jasho na hutaona kitu.

Radi ikianza, hakuna kipimo kinachosomwa. Hesabu sekunde kati ya mwanga na mngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikiwa chini ya 30, wote ndani ya jengo au gari lililofungwa, mbali na mti, nguzo za chuma na mabomba, na wasitoke mpaka zipite dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho. Kipima mvua kinangoja. Andika tu saa halisi kilipokuja kusomwa.

Daftari linakiliwe mara moja kwa mwezi kwenye jedwali la kompyuta au daftari la pili linalokaa ofisini, safu kwa safu, pamoja na kipenyo cha chupa iliyotumika mwezi huo. Maonyesho yafanyike tarehe 23 Machi, Siku ya Hali ya Hewa Duniani, ambapo mikoa yenye masika huwa inaanza kunyeshewa: bandikeni nguzo za mwaka mzima, jedwali la alama za kila kikundi, na jagi lenye mililita 290.